Koti Lililoshonwa Mara Mbili

Walisema kuna msichana anayewaazima wafu mwili wake.

Maneno hayo niliyasikia kazini, kwenye karakana ya sare za shule, tukiwa wanawake saba mezani tunashona vifungo. Aliyeyaleta ni mwenzetu tuliyemwita Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki. Alisema msichana huyo huwaendea wafiwa, hukaa nao siku mbili tatu akiwauliza maswali ya ajabu, kisha huwaita kwenye ghala moja kuukuu, na hapo marehemu hutokea.

"Si kwamba anafanana naye," Redio akasema. "Ni yeye! Mjane mmoja kamwona mumewe akivua viatu. Kwa macho yake mawili."

"Alikuwa amekunywa nini huyo mjane?" mmoja akauliza, tukacheka.

"Chekeni tu. Na mamake huyo msichana, naambiwa, ni mtu wa vifungo kama sisi."

Kicheko kikakatika. Kila mmoja akainamia kifungo chake. Wenye mabinti wakubwa mezani pale tulikuwa wawili tu, na binti wa mwenzangu ni muuguzi, hana nafasi hata ya kuchana nywele.

Sikuuliza zaidi, nikajifanya natafuta tundu la sindano. Lakini maneno yale yalininasa kama uzi kwenye sketi, unautoa hapa unaukuta pale. Nikipika nayasikia. Nikiwa bafuni nayasikia. Kuwaazima wafu mwili. Na akishawaazima, nikajiuliza, nani anawadai warudishe?

Nilizaa watoto wawili. Wa kwanza alikuwa wa kiume, tulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Alikuwa fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa jengo la ghorofa mbili, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Wa pili ni binti, tunamwita Kitinda, maana baada yake nilifunga duka. Baba yao alitukimbia mapema, sina la kusema juu yake. Kaka mtu alipofariki Kitinda alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alipofikisha ishirini na minne alikuwa amepanga chumba chake mwenyewe, na ukimuuliza anafanya kazi gani anakujibu, "Sanaa." Nilijua anacheza jukwaani, anachora, anarekodi sauti, na anashona, kwa kuwa kushona nilimfundisha mimi. Nilidhani ni mtoto aliyeshindwa kuchagua.

Jumamosi baada ya maneno ya Redio nikaenda kwake bila kumwarifu.

Kuta zote za chumba chake zilikuwa zimebandikwa karatasi za kaki kubwa kama shuka. Juu yake alikuwa amechora nyayo kwa makaa: nyayo kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, nyayo zinazorudi nyuma, kisigino kimoja cheusi kuliko mwenzake. Kwenye kamba aliyoipitisha juu ya kitanda yalining'inia makoti matano makuukuu, kila moja limepinda upande wake, kama watu wamesimama kwenye foleni wamechoka. Mezani kilikuwepo kinasa sauti kidogo. Nilipoingia kilikuwa kinatoa sauti ya ufunguo ukizunguka kwenye kitasa. Unazunguka, unakwama, unazunguka tena.

"Mama! Mbona ghafla? Kuna msiba?"

"Wewe ndiye wa kuniambia. Nasikia siku hizi misiba yote inapita kwako."

Akacheka, akazima kile kinasa, akaniwekea kiti. Sikukaa.

"Mwanangu, wanasema unapandisha wafu."

"Nani anasema?"

"Redio."

"Ipi, ya taifa?"

Nilitaka kucheka nikajizuia. Akateremsha koti moja akanipa nilishike. Nusura liniponyoke. Upande wa kulia lilikuwa zito ajabu.

"Huyo alikuwa mwalimu wa hesabu," akasema. "Miaka thelathini mkoba uleule, bega lilelile. Mkewe ndiye aliyenieleza. Mimi siwaulizi watu marehemu alikufaje, mama, hilo kila mtu anauliza. Nawauliza aliwekaje kikombe mezani. Mguu gani ulitangulia kwenye ngazi. Akisikia anaitwa, aligeuza kichwa kwanza au kiwiliwili kizima? Hapo utaona mtu aliyekuwa analia ananyamaza, anaanza kufikiri. Anasimama akuonyeshe."

Nikageuza koti ndani nje, kwa mazoea ya kazi. Kwenye bitana alikuwa ameshikiza vifuko vidogo vya mchanga, kimoja hapa, vitatu pale, kwa mishono mirefu.

"Huu ndio ushonaji niliokufundisha? Mtu anaweza kupanda mishono hii kama ngazi!"

Nikajuta kutaja ngazi. Yeye hakuonyesha kusikia.

"Nimeshikiza tu, mama. Lazima ufumuke mbele ya watu."

Ndipo akanieleza utaratibu wake, nami nauandika hapa kama alivyonieleza, kwa sababu baadaye mimi ndiye niliyeuvunja. Akiwa ndani ya koti hawageukii watu, wanaona mgongo tu. Hasemi neno. Anafanya vitu vya kawaida kwa dakika ishirini, anafagia, anatafuta miwani, anakunja gazeti. Zikiisha anavua koti, anavuta uzi mmoja na vifuko vyote vinafumuka, anamwaga mchanga ndani ya beseni, ananawa miguu. Halafu anageuka kuwatazama watu, anawaambia yeye mwenyewe amekula nini siku hiyo, na siku hiyo ni siku gani. Basi. Koti lile halivaliwi tena, na mtu yule hafanywi tena.

"Kwa nini mara moja tu?"

"Mara ya kwanza ni kuaga. Mara ya pili ni kufuga."

"Na mbona usichague kimoja? Uchore, au ucheze, au ushone, watu wakuelewe."

"Mtu haachi kitu kimoja, mama. Anaacha sauti ya ufunguo, anaacha alama ya kisigino, anaacha uzito kwenye koti. Nikichora peke yake napata kisigino tu."

"Lakini kwa nini wewe? Dunia nzima imekosa kazi nyingine?"

Alikaa kitandani, chini ya yale makoti.

"Tulipotoka mazikoni uligawa nguo zote za kaka siku hiyohiyo. Hata kandambili. Ukasema tusimtaje mpaka mama apone. Sijui kama ulipona, ila hatukumtaja. Nikaanza kumpoteza. Uso ulitangulia. Sauti ikafuata. Kilichobaki ni alivyokuwa anafunga kamba za viatu, mguu mmoja kauegemeza ukutani. Nikawa najifungia bafuni nafanya vilevile kila siku ili kisiondoke. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, mama. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtazamaji alikuwa ndoo."

Akaendelea, bila kunitazama.

"Nataka kumfanya kaka. Bila wewe siwezi. Mimi nilikuwa mdogo, niliona viatu tu."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Sikumuaga.

Ningekomea hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini alinitumia ujumbe kunialika siku ya mwalimu wa hesabu, Jumapili alasiri, nami nikaenda. Nilijiambia naenda kumlinda.

Ghala lenyewe ni la kuhifadhia magunia, madirisha yapo juu karibu na paa, mwanga unaingia kama umekunjwa. Stuli kumi na tano. Mbele kabisa walikaa mke wa mwalimu na wanawe wawili wakubwa, wote wamefumba midomo. Kitinda akaingia kinyumenyume ndani ya lile koti. Kinasa sauti kikaanza kutoa sauti ya chaki. Akasogea ukutani, akafuta ubao usiokuwepo, akarudi hatua moja, akainamisha kichwa, akarudi tena mbele kufuta nukta moja iliyobaki. Mke wa mwalimu akapiga kelele ya furaha, "Hivyohivyo! Nukta! Alikuwa haachi hata nukta!" Akacheka mpaka akashika mbavu za mwanawe, na kucheka kukageuka kilio, na kilio kikapita. Mchanga ulipomwagwa aliuangalia ukiisha. Kisha alitoka nje na uso kama umeoshwa.

Nilimwonea wivu. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeubeba uso wangu bila kuuosha.

Jumatano nikamfuata Kitinda na futi yangu ya kupimia. Nikamwambia, "Bega la kushoto lilishuka kidole gumba kizima. Lilishushwa na ndoo za rangi. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea ovaroli, najua."

Hizo ndizo wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na binti yangu. Nikitoka kazini napitia kwake, ananipa chai, namweleza, anasimama anafanya, namsahihisha. Kijiti alifungua milango kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na rangi. Kabla ya kukaa alikisukuma kiti kwa goti kuona kama kinayumba. Alijifuta viganja nyuma ya suruali hata vikiwa vikavu. "Si hivyo," namwambia, "unafuta kama mtu wa heshima. Yeye alifuta kama anajipiga." Tulicheka sana. Tulimtaja kwa jina mara nyingi kuliko miaka yote iliyopita.

Siku ya Kijiti ilikuwa Jumapili pia. Nilikaa mbele. Aliingia mgongo kwanza, bega la kushoto chini. Sikumwona binti yangu hata kidogo. Nilimwona mwanangu wa kiume anakisukuma kiti kwa goti, anajipiga viganja nyuma ya suruali, anaegemeza mguu ukutani afunge kiatu. Dakika ishirini ziliisha kabla sijameza mate. Akavua koti. Akavuta uzi, vifuko vikadondoka, mchanga ukaanguka kwenye beseni, akanawa miguu, akageuka.

"Leo nimekula viazi na chai. Leo ni Jumapili."

Watu wakapumua. Mimi sikupumua. Nitasema ukweli, kwa kuwa ninachoandika ni onyo, na bila ukweli onyo halina kazi. Nilimchukia kidogo, binti yangu mwenyewe, kwa kugeuka.

Mke wa mwalimu alitoka amepona. Mimi nilitoka na njaa.

Wiki ileile nilichukua kitambaa kizito cha kaki kilichobaki karakanani, nikakata koti kwa vipimo vya Kijiti. Nililishona nyumbani kwa cherehani yangu. Vifuko vya mchanga niliviingiza katikati ya kitambaa na bitana, nikapiga mshono, nikarudia juu yake mshono wa pili, kama tunavyofanya kwenye suruali za watoto watundu. Nikaweka vifungo sita. Wenzangu, lilikuwa koti zuri. Ukilitundika tu, bega la kushoto linashuka lenyewe.

Kitinda aliligeuza ndani nje, akavuta mshono kwa ukucha.

"Mama, hili halifumuki."

"Ndiyo kushona huko."

"Mama. Mara ya pili?"

"Si maonyesho, mwanangu. Nyumbani tu, kila Jumatano. Mimi napiga pasi zangu, wewe unasimama pale dirishani, mgongo tu. Dakika tano. Hakuna mtu wa kuaga wala wa kuagwa."

Ni mtoto mtiifu, na utiifu huo nilimlea nao mimi. Akalivaa.

Dakika tano zikawa nusu saa. Jumatano zikawa kila siku. Natoka kazini saa tisa, yeye ananisubiri kwangu, koti limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kupigia pasi. Nikamwambia asijisumbue na beseni, asiloweshe sakafu. Asisumbuke kuniambia amekula nini, si nimempikia mimi? Akimaliza anavua tu, anatundika, anakwenda zake. Nami nilizungumza na ule mgongo. Niliuambia habari za Redio, za goti langu, za jirani aliyekata mti. Niliuomba msamaha kwa zile kandambili. Mgongo haukujibu, lakini ulisikiliza, na mama yeyote anajua mgongo unaosikiliza.

Alasiri moja nikiwa natia maji kwenye pasi nilisikia sauti ukutani. Krrr. Nikainua macho. Alikuwa anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukuta, taratibu, kutoka dirishani kuja mlangoni, anatafuta ufa chini ya rangi. Nikaiweka pasi chini. Kijiti alifanya hivyo kwenye kila nyumba aliyoingia, hata za wageni, mpaka nikawa naona haya. Lakini mimi nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimemwambia Kitinda. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo mpaka sauti ile iliponikumbusha.

Alipovua koti nikamuuliza, "Nani alikufundisha ile ya ukucha?"

"Ukucha gani?"

"Ukutani. Sasa hivi."

"Sikugusa ukuta, mama. Nilisimama dirishani muda wote."

Tukatazamana. Ncha ya kidole gumba chake ilikuwa nyeupe kwa chokaa. Akaifuta nyuma ya suruali. Aliifuta kama anajipiga.

Mtu mwenye akili timamu angelichoma koti saa ileile. Mimi nilikwenda kumpikia chakula cha kesho ili asichelewe kuja.

Baada ya hapo nikawa naona vitu na kuvipa majina mengine. Aliingia jikoni kwa kiwiko akiwa na nguo zake mwenyewe, nikasema mikono ina unyevu. Alisukuma kiti kwa goti, nikasema kiti kinayumba. Siku moja nilimwita kwa jina lake sebuleni akaendelea kusoma, nikamwita tena akaendelea. Nikaita, kwa mzaha tu, nakula kiapo ni mzaha, "Kijiti!" Akaitika.

Kilichonizindua ni kazi yake. Mama mmoja, mwanawe alikuwa dereva wa lori na alikuwa amefariki, alimwomba Kitinda amfanye. Alifanya utaratibu wake wote, akachora, akarekodi sauti ya breki, akashikiza vifuko kwenye koti la dereva. Siku ilipofika nilikaa nyuma kabisa. Akaingia. Dereva alikuwa mnene, bega sawa na bega, mtu wa kutembea kama anasukuma upepo. Lakini aliyeingia alikuwa mwembamba, bega la kushoto chini. Akaenda moja kwa moja ukutani. Krrr.

Yule mama akasimama.

"Huyu siye. Mwanangu hakuwa anagusa kuta." Hakupiga kelele, alisema kama mtu aliyefunguliwa mlango usio wake. "Binti, huyu uliyeniletea ni mtoto wa nani?"

Watu wawili watatu wakacheka kwa woga. Kitinda akasimama palepale. Akavua koti la dereva, akavuta uzi, akamwaga mchanga, akanawa miguu, kila kitu kwa utaratibu. Bega halikupanda. Akageuka.

"Leo nimekula," akasema, akakwama. "Leo ni." Macho yake yakapita juu ya stuli zote mpaka yakanipata mimi kule nyuma, yakaniomba kama mwanafunzi anavyomwomba jirani jibu. Nami nilikuwa nalijua jibu. Nilimpikia mwenyewe asubuhi ile. Lakini sikulitoa, kwa kuwa sikuwa na hakika anayeniuliza ni yupi kati ya wanangu.

Akatoka, mlango akaufungua kwa kiwiko.

Nilimkuta nyumbani kwangu, kwenye chumba cha pasi, ameketi mbele ya koti langu. Hakuwa amelivaa, alikuwa analitazama tu.

"Lifumue," akasema.

Nilichukua wembe. Niliposhona sikuwaza kwamba siku moja nitatafuta njia ya kurudi. Mshono wa juu ukikatika, wa chini unashika. Vidole vilinivuja damu. Ilinichukua alasiri nzima, na yeye hakusaidia wala hakuondoka. Mchanga ulipoisha kutoka, kitambaa kilibaki kimesinyaa sakafuni. Nikadhani basi, sasa atasimama sawa.

"Nipime."

"Kesho, mwanangu. Umechoka."

"Mama, nipime."

Nikaitoa futi shingoni. Nikampima kutoka shingo hadi bega, kulia, kushoto, na kutoka bega hadi sakafuni. Nikarudia. Nikarudia tena.

"Bega bado limeshuka?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Wewe ni fundi."

"Kidole gumba."

Hakulia. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali aliyokuwa ameshayajua. Halafu akasema jambo ambalo sijapata usingizi mzuri tangu nilisikie.

"Nilikuwa naona, mama. Kila siku nilikuwa naona unafurahi kuniona, nikasema acha afurahi. Ila hukuwa unafurahi kuniona mimi."

Yuko mwalimu mmoja wa dansi, mwanamke mtu mzima, katika mji wa mbali, anayewafundisha upya kutembea wachezaji walioumia. Kitinda alimwandikia, akakubaliwa. Alibandua karatasi zote ukutani, akayagawa makoti yaliyobaki, akafunga begi moja. Nikamwambia nitamsindikiza. Akakataa. Nikamwambia nitakuja kumtembelea mwisho wa mwezi.

"Usije, mama. Mpaka nikuite."

"Mimi mamako nisije?"

"Ukinitazama sijui unamtafuta nani. Na mwili wangu haujui pia. Unajaribu kukupa unachotaka."

Nilitaka kubisha. Maneno ninayo, sikosi maneno. Ningelia angebaki, nilimjua, angebaki na angelivaa hata gunia kama ningelishona. Nikapiga moyo konde. Nikasema, "Nenda."

Siku ya kuondoka kulikuwa kweupe, jua la saa nne. Alitoka mlangoni na begi lake, akaanza kuteremka barabara. Kutoka kizingiti changu unaweza kumwona mtu mpaka kona ya mbali, hatua mia mbili nzima za mgongo. Nilimwona hatua tatu. Bega la kushoto lilikuwa chini na njaa yangu yote ikaamka, ikanisimamisha pale. Nikafunga mlango. Nikaegemea upande wa ndani na macho nimefumba mpaka nikajua amekwishapita kona.

Ni miezi saba sasa. Hutuma neno moja kila wiki, "Mzima." Sijui anatembeaje. Redio anasema mezani kwamba yule msichana alichukuliwa na wafu wake, na wenzangu wanashika vifungo kwa nguvu. Nimemwambia Redio si wafu waliomchukua. Hakuniamini, mkosaji aliye hai hana utamu kwenye hadithi. Ndiyo maana nimeandika mwenyewe, kwa wazazi wenye watoto wa kazi za namna hii, ili mjue hatari inakaa upande gani wa nyumba.

Epukeni haya:

Kugawa vitu vya marehemu siku ya maziko.

Kuwakataza watoto kumtaja.

Kumwomba mwanao afanye nyumbani kazi aliyoiwekea mahali pake na muda wake.

Kurekebisha vifaa vyake vya kazi bila kumuuliza kwa nini vimekaa vilivyo.

Kumfupishia utaratibu kwa sababu unalowesha sakafu.

Kumwita mtoto mmoja kwa jina la mwingine, hata kwa mzaha.

Kufurahia utiifu wake bila kumwangalia usoni.

Kuzungumza na mgongo wa mtu.

Kuongeza dakika.